Spreda kuukuu ya samadi na trekta dogo: mwongozo kwa wenye mashamba ya Malindi

Mvua za mwaka zikikaribia, maswali huwa ni yale yale. Nimepata spreda ya zamani, je, trekta langu dogo litaiweza? Mbona inavutika vizuri lakini haimwagi kitu? Mbona nikiongeza mwendo samadi haipungui? Nayajibu yote hapa kwa pamoja. Namwandikia mtu mwenye ekari mbili tatu pande za Gede, Msabaha, Kakuyuni au ng'ambo ya Sabaki huko Magarini. Walioko Mpeketoni na Witu wanaweza kuufuata pia, ila waangalie udongo wao.

Spreda ninayoizungumzia ni ile ya magurudumu mawili, sanduku la mbao au bati, cheni mbili sakafuni zilizofungwa mapau ya chuma, na rola zenye meno huko nyuma. Haina injini wala haiungwi na PTO, yaani ile shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine. Nguvu yake yote hutoka kwenye magurudumu yake yenyewe: yakizunguka, gia hugeuza cheni za sakafuni zisogeze samadi nyuma, na rola huichana na kuitupa. Yakiburuzika mchangani bila kuzunguka, hata uvute na trekta kubwa namna gani, hakuna kitakachotoka. Ukilishika hilo, nusu ya maswali yako yamekwisha.

Spreda za mwanzo zilimwaga ukanda mwembamba wa upana wa sanduku tu, na mkulima akabaki na kazi ya kusambaza kwa uma. Mwalimu mmoja wa shule huko Ohio, Marekani, Joseph Oppenheim, ndiye aliyeongeza mapangaboi ya kurusha samadi pembeni mwaka 1899, na kampuni yake ikaitwa New Idea. Ukiona nyuma ya rola kuna shafti yenye vibapa vilivyopindwa kushoto na kulia, hiyo ni kazi ya wazo lake. Kama ya kwako haina, usihuzunike, utapita mistari mingi zaidi tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Trekta dogo la magurudumu manne, nguvu farasi 20 au zaidi, lenye breki nzima. Uzito wake ndio muhimu kuliko nguvu zake, nitaeleza.
- Pini ya kuvutia ya saizi sawasawa na tundu, pamoja na kipini cha kuifungia chini. Msumari wa inchi sita si pini.
- Mnyororo wa usalama wa kuunganisha spreda na trekta, endapo pini itakatika.
- Jeki, na magogo mawili ya kuzuia magurudumu.
- Pampu ya grisi, spana, nyundo, brashi ya waya, msumeno wa chuma na kisu kikali. Kisu utakitumia kuliko vyote.
- Uma wa samadi na sepeto.
- Turubai la mita 2 kwa 2, karai, na mizani ya kuning'iniza.
- Buti, glavu na kitambaa cha kufunika pua. Chanjo ya pepopunda iwe haijapitwa na wakati, maana kutu na samadi havichezewi.

Wengi huniuliza kuhusu trekta za kukatia nyasi, zile za kwenye mahoteli na majumba ya ufukweni. Jibu langu ni hapana. Gia zake hazikutengenezwa kwa kuvuta mzigo mzito kwenye mchanga, na zile zinazokwenda kwa mafuta ya haidroli hupata moto haraka mpaka nguvu zikafifia. Inaweza kuvuta mkokoteni mdogo wa samadi iliyokauka, basi. Na trekta la kutembea nalo kwa miguu, lile la magurudumu mawili, pia halifai: breki zake hazitoshi kuzuia spreda iliyojaa.

Hatua kwa hatua

1. Ikague spreda ikiwa tupu. Hapa chukua muda wako. Zuia gurudumu moja kwa gogo, inua la pili kwa jeki, kisha vuta henda zote mbili, ile mikono ya kuunganisha gia: ya rola na ya cheni. Zungusha gurudumu lililoinuliwa kwa mkono kuelekea mbele. Rola zizunguke na cheni za sakafuni zisogee. Zungusha kinyume, usikie tik-tik-tik kwenye kitovu cha gurudumu na rola zitulie. Mlio huo ni wa ndimi za chuma zinazoruka juu ya meno. Ndizo zinazoruhusu gurudumu moja kwenda haraka kuliko lenzake kwenye kona. Kama halilii, ndimi zimeganda kwa kutu au springi zake zimekatika. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Muuzaji akikataa usiifanyie jaribio hili, mwachie spreda yake. Vidole viwe mbali na cheni wakati wote, kwa sababu mtu mmoja akigusa gurudumu, kila kitu huzunguka.

Halafu tazama sakafu. Cheni mbili lazima ziwe na idadi sawa ya pingili. Hesabu moja moja, kwa sababu fundi aliyepita huenda alipunguza upande mmoja akasahau wa pili. Mapau yakikaa mshazari, siku moja yatakwama na kung'oa kitu. Cheni ikilegea sana mpaka ikaburuza chini ya sanduku, ikaze kwa bolti za mbele, lakini pande zote mbili kwa kiasi kimoja.

Mbao za sakafu zichome kwa ncha ya bisibisi. Ikizama kama kwenye mkate, ubao umeoza. Usihangaike kutafuta mbao za mashine. Fundi wa mitumbwi na majahazi anajua mbao zinazostahimili maji na chumvi, na akishakuwekea, ipake mafuta ya sifa, yale ya papa, kama wanavyopaka jahazi. Yananuka, ndiyo, lakini hapa unabeba mavi ya ng'ombe.

Mwisho wa ukaguzi: pampu grisi kwenye kila nipo, kile kichuchu cha kuingizia grisi, na hakikisha unaiona grisi mpya ikitokea pembeni. Upepo wetu wa bahari hula chuma, na nipo nyingi za mashine kuukuu zimeziba. Ikikataa, ifungue, ichokonoe kwa waya, au weka mpya. Bei yake ni ndogo kuliko ya beringi.

2. Andaa samadi. Samadi mbichi ya ng'ombe ni nzito, hunata, na hujaa mbegu za magugu. Irundike, inyunyizie maji ikiwa kavu, igeuze kila baada ya wiki mbili hivi, na uipe miezi miwili hadi mitatu. Rundo likikaa vizuri, ndani hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, na mbegu nyingi za magugu hufa. Chomeka nondo katikati, iache dakika chache, uivute. Kama huwezi kuishika kwa raha, rundo bado linafanya kazi.

Samadi ya mbuzi ina tabia yake. Ikikauka inakuwa gololi ngumu zinazoteleza kati ya mapau na kudondoka njiani kabla hujafika shambani. Ichanganye na ya ng'ombe au na majani yaliyooza. Ya kuku ni kali, hivyo kiasi chake kiwe kidogo sana kuliko ya ng'ombe, karibu robo au theluthi.

Sasa sikiliza vizuri. Kabla ya kupakia, chambua rundo kwa uma. Maadui wa spreda huku kwetu ni nyuzi za makumbi, kamba za katani, magunia ya nailoni yaliyochanika, na vipande vya matumbawe kutoka kwenye ua wa zizi. Nyuzi hujizungusha kwenye rola mpaka zikaingia kwenye beringi. Jiwe likikutana na rola huruka nyuma kwa kasi ya kumtoa mtu jicho.

3. Unga spreda na trekta. Unga kwenye chuma cha kuvutia cha chini, katikati, nyuma ya trekta. Kamwe usiunge juu, kwenye mkono wa tatu wa kunyanyulia au kwenye ekseli. Mzigo ukivutwa kutoka juu, trekta dogo huinua magurudumu ya mbele na linaweza kumpindukia dereva. Tia pini, funga kipini chake, kisha mnyororo wa usalama. Henda zote mbili za spreda, ya rola na ya cheni, ziwe zimezimwa.

Pini ikishaingia, usiichomoe tena spreda ikiwa na mzigo. Cheni zikiwa zimeshausogeza mzigo nyuma, mti wa mbele huruka juu na kumpiga aliyeinama.

4. Pakia kwa kiasi. Pima sanduku lako kwa ndani: urefu mara upana mara kina. Tuseme ni mita 2.5 kwa 1.1 kwa 0.4, hiyo ni meta moja ya ujazo na kidogo. Samadi mbichi iliyolowa hukaribia kilo 900 kwa meta moja ya ujazo, na iliyooza na kukauka huwa karibu nusu yake. Kwa hiyo sanduku lile lile linaweza kubeba nusu tani au tani nzima, na spreda tupu yenyewe ina mamia ya kilo. Trekta lako dogo nalo lina uzito gani? Soma kibati chake.

Kanuni yangu ni hii: spreda haina breki, kwa hiyo jumla ya spreda na mzigo isizidi uzito wa trekta na dereva, na hiyo ni kwenye tambarare. Kuvuta si tatizo, tatizo ni kusimama. Ukiteremka kuelekea bondeni Sabaki na mzigo mzito nyuma, utasukumwa, na trekta litapinda kama kisu cha kukunja. Kwenye miteremko, pakia nusu.

Anza kupakia mbele ya sanduku, uje ukimalizia nyuma. Hivyo rola zinapata kuchana tabaka baada ya tabaka badala ya kukutana na ukuta. Usishindilie samadi kwenye rola, acha nafasi ya kiganja. Mzigo uwe sawa kushoto na kulia. Na usipakie jioni ukisema utamwaga asubuhi: samadi yetu, kwa joto hili, ikilala ndani ya sanduku hushikana na mapau kama zege.

5. Pima kiwango chako. Wengi huiruka hatua hii, kisha wanalalamika kwamba mahindi yameungua au samadi imekwisha kabla ya shamba. Tandaza turubai kwenye njia ya spreda, pita juu yake ukimwaga, kisha kusanya na upime. Turubai la mita 2 kwa 2 likiwa na kilo 4, umemwaga kilo moja kwa meta ya mraba, yaani tani 10 kwa hekta, sawa na tani 4 kwa ekari. Kwa mahindi na mboga kwenye mchanga wetu, hicho ni kiwango kizuri cha samadi iliyooza ya ng'ombe.

Hesabu ya pili ya kukusaidia kupanga safari: karai moja likiwa na kilo 12, makarai 50 ni kilo 600. Ukimwaga upana wa mita 3 kwa umbali wa mita 200, umefunika meta za mraba 600. Ekari ni kama 4,047, kwa hiyo ni safari saba hivi.

Ukitaka kupunguza au kuongeza, geuza henda ya cheni: kila nafasi huruhusu ulimi unaosukuma gurudumu la meno la cheni kuvuta meno machache au mengi zaidi. Usijaribu kupunguza kwa kukimbia. Kwenye spreda ya aina hii, magurudumu yakienda haraka na cheni nazo huenda haraka, hivyo kila mita ya shamba hupata kiasi kile kile. Mwendo hubadilisha tu umbali ambao samadi inarushwa, na hupasua mashine. Mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, kilomita 5 au 6 kwa saa, unatosha.

6. Mwaga. Chagua siku ambayo udongo umelowa kidogo. Mchanga mkavu wa Januari hadi Machi hufanya magurudumu yaburuzike. Baada ya mvua za kwanza unashikana na yanazunguka. Kwenye mfinyanzi wa kando ya mto ni kinyume, subiri ukauke kidogo, la sivyo utamwita jirani mwenye trekta kubwa.

Utaratibu ni huu. Simama mwanzo wa mstari. Hakikisha hakuna mtu wala mbuzi nyuma, umbali wa mita 15 angalau. Unganisha rola kwanza, anza kwenda, na rola zikishashika kasi ndipo uunganishe cheni. Ukikaribia mwisho wa mstari, zima cheni kwanza, acha rola zijisafishe kwa mita kadhaa, kisha zizime. Geuka ukiwa umezima zote. Kona kali huku gia zimeshikana humaliza meno. Kurudi nyuma pia, zima kwanza.

Mistari yako ipishane kidogo, maana katikati huanguka nyingi kuliko pembeni. Nenda ukiukabili upepo au ukiukata. Ukiupa mgongo upepo wa kusi, vumbi lote ni lako. Fikiria pia nyumba ya jirani iko upande gani, hasa kama ameanika nguo.

Jiepushe na visima. Mchanga na mawe yetu hupitisha maji upesi, na kisima cha kuchimba hakina ulinzi mwingi. Ndani ya mita 30 kutoka kisimani, usimwage.

7. Changanya na udongo siku hiyo hiyo. Pita na haro, ile ya kuvunjavunja udongo, au jembe. Samadi ikiachwa juani, sehemu kubwa ya naitrojeni huondoka hewani kama amonia, na hiyo ndiyo harufu unayoisikia. Samadi mbichi isikaribie mboga: kanuni za kilimo hai za Marekani zinadai siku 120 kabla ya kuvuna mazao yanayogusa udongo, na 90 kwa yasiyogusa. Mchicha unaovunwa ndani ya mwezi mmoja unataka samadi iliyooza sawasawa.

8. Osha na ufunike. Siku hiyo hiyo, kwa maji yasiyo ya chumvi. Ikishakauka, paka mafuta cheni na uiweke chini ya banda la makuti. Oili chafu ya injini usiipake sakafuni, itadondokea kwenye shamba lako.

Usalama, bila mzaha

Asipande mtu yeyote kwenye sanduku, hata mtoto "kwa kidogo tu". Cheni humpeleka kwenye rola. Leso, kikoi au kanzu iliyolegea visikaribie mashine. Rola zikiziba, zima injini, chomoa ufunguo, zima henda zote mbili, weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu, ndipo uingize kisu. Kuzima injini peke yake hakutoshi, kwa sababu trekta likisogea hata nusu mita, rola zitazunguka.

Ikigoma

*Magurudumu yanaburuzika.* Ama mchanga ni mkavu, ama tairi zimelika, ama rola zimeziba. Angalia rola kwanza. Kama ziko safi, subiri mvua au tafuta tairi zenye meno. Mzigo mdogo mno nao husababisha hali hii, kwani gurudumu halikandamizwi vya kutosha.

*Gurudumu linazunguka, rola zimelala.* Ndimi za kitovuni zimeganda, au cheni ya pembeni imeruka meno. Fungua kitovu, osha kwa dizeli, badilisha springi.

*Rola zinazunguka, sakafu haisogei.* Ulimi unaosukuma gurudumu la meno umelika ncha, au samadi ya safari iliyopita imekaukia chini ya mapau. Mwagilia maji, ngoja, gongagonga mapau taratibu. Usilazimishe kwa trekta, cheni kuukuu hukatika hapo.

*Inamwaga upande mmoja.* Presha ya tairi si sawa, au ulipakia vibaya. Kama yote ni sawa, vibapa vya mapangaboi vimepinda.

*Inamwaga mafungu mafungu.* Samadi ina mabonge mabichi. Mdundo mdogo ni wa kawaida, kwa kuwa cheni husogea kwa kuvutwa jino kwa jino.

*Kelele ya kusaga upande mmoja.* Simama. Gusa kwa uangalifu kila beringi. Yenye moto ndiyo yenye shida. Mara nyingi utakuta uzi wa kumbi umejiviringa hapo, umekata sili na kunyonya grisi yote. Ukate, upige grisi mpya, na kama shafti inacheza ukiitikisa kwa mkono, usiende tena shambani mpaka beringi ibadilishwe. Mpelekee fundi beringi ile ya zamani mkononi. Namba yake huwa imechongwa ubavuni, na mara nyingi ndiyo namba inayouzwa mpaka leo.